Ekseli Moja au Mbili kwa Trela Dogo la Kusafiria?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi na mke wangu na watoto wetu wawili tunataka kununua trela dogo la kulala safarini. Tumebakiza mawili ya kuchagua, na yote yana mwili wa urefu wa mita 4.9. La kwanza lina ekseli moja: likiwa tupu ni kilo 1,180, na kikomo chake likiwa na mzigo ni kilo 1,500. La pili lina ekseli mbili: tupu ni kilo 1,300, kikomo kilo 2,000. Gari letu linaruhusiwa kuvuta kilo 1,800, na kiungo chake cha kufungia trela kubeba kilo 180. Muuzaji anasema ekseli mbili ni salama siku zote. Kaka yangu, ambaye amevuta trela miaka mingi, anasema kwa trela dogo ekseli ya pili ni kubeba chuma cha bure. Mke wangu anaogopa tairi lisije likapasuka tukiwa kwenye mwendo. Tumsikilize nani?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na ahsante kwa kuleta namba. Wengi huniuliza swali hili bila namba hata moja, na hapo jibu lolote huwa ni la kubahatisha. Muuzaji na kaka yako kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ila wote wawili wameanza kwa kuhesabu magurudumu. Mimi nakuomba uanze na mizani. Ekseli, yaani chuma kinachoshikilia gurudumu la kushoto na la kulia, ni miguu ya trela, na huwezi kujua miguu mingapi inatosha kabla ya kujua mzigo utakaopanda juu yake.

Basi tulipakie trela lenu kwenye karatasi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 80 likijaa ni kilo 80. Mitungi miwili midogo ya gesi, kilo 40. Betri, 25. Chakula na vyombo, 50. Nguo na matandiko ya watu wanne, 60. Meza, viti na turubai la kivuli, 60. Baiskeli nne, 55. Jeki, vifaa na tairi la spea kama halikuhesabiwa kwenye uzito mtupu, 30. Jumla ni kilo 400, na hapo sijaweka kitu cha anasa. Familia nyingi ninazozipimia trela huja na zaidi ya walivyokadiria, kwa sababu kila safari huacha kitu kidogo kabatini ambacho hakishuki tena.

Ongeza kilo 400 juu ya trela la kwanza: unapata 1,580. Limepita kikomo kwa kilo 80 kabla hata ya kutoka nyumbani. Hapa ndipo ekseli moja inaposingiziwa. Mtu hulipakia trela kupita uwezo wake, beringi zinapata joto, tairi linapasuka mwaka wa pili, kisha hadithi inayosambaa ni kwamba ekseli moja haifai. Ekseli hiyo ingekuwa na mwenzake huku trela likipakiwa hivyohivyo kupita kikomo chake, mwisho ungekuwa uleule.

Sasa trela la pili: kilo 1,700 likiwa na mzigo. Kwa kibao chake, yaani bati lililoandikwa kikomo cha uzito, lina nafasi ya kilo 300, na hilo linapendeza machoni. Lakini kibao hicho si chako. Gari lako linavuta 1,800, basi nafasi yako halisi ni kilo 100. Zile kilo 120 ambazo trela la pili limelizidi la kwanza likiwa tupu ni ekseli ya pili yenyewe, na magurudumu yake, breki zake, springi zake na vyuma vya kuishikia. Hapo kaka yako ana haki: chuma hicho utakivuta kila mlima, uwe umekihitaji au hukukihitaji.

Kabla hatujaendelea, niondoe jambo moja ambalo wauzaji hulisema kwa nia njema lakini si kweli. Husema ekseli mbili hupunguza uzito wa pua, yaani ule uzito ambao sehemu ya mbele ya trela inaukalisha juu ya kiungo cha gari. Haupungui kwa kuongeza ekseli. Uzito wa pua unatokana na mahali kitovu cha uzito wa trela kilipo ukilinganisha na ekseli. Na zikiwa ekseli mbili zinazogawana mzigo, unapima kutoka katikati yao. Hesabu yake ni rahisi: chukua uzito wa trela, zidisha kwa umbali ambao kitovu kimeitangulia ekseli, gawanya kwa umbali kutoka ekseli hadi kiungo. Trela la kilo 1,600 ambalo kitovu chake kimetangulia kwa sentimita 40, na ekseli iko mita 4 kutoka kwenye kiungo, litakuwa na kilo 160 puani, ambayo ni asilimia 10. Desturi ya Marekani ni asilimia 10 hadi 15. Ulaya magari mengi hayaruhusiwi kubeba kiasi hicho, na wao hukaa karibu na asilimia 5 hadi 7 kwa matrela yaliyosanifiwa hivyo na kwa mwendo wa chini. Kwa kuwa kiungo chako kinabeba 180, una uwezo wa kukaa kwenye asilimia 10, na ningependa ukae hapo.

Nimeirefusha habari ya pua kwa sababu inaingia moja kwa moja kwenye usalama, na hofu ya mke wako ni hofu ya haki ninayotaka kuijibu kikamilifu. Ila hatari ziko mbili, na watu huzichanganya. Moja ni tairi kupasuka. Nyingine ni trela kuchapa mkia, yaani kuyumba kushoto na kulia nyuma ya gari mpaka dereva anashindwa kulituliza. Kwa matrela madogo, hii ya pili ndiyo inayoninyima usingizi zaidi.

Tuanze na ya tairi. Ekseli moja ikipoteza tairi, upande ule unashuka hadi kwenye rimu, trela linavuta kuelekea huko, na huna la kufanya ila kusimama palepale ulipo, hata kama ni mahali pabaya. Ekseli mbili zikipoteza tairi moja, lile la jirani linauzuia mwili usianguke, trela linabaki wima, na unapata nafasi ya kutafuta pa kusimama salama. Hiyo ni faida ya kweli na sitaibeza. Ukiwa na watoto kwenye gari, kule kubaki wima kwa mita mia tatu zaidi kuna thamani kubwa.

Lakini usiipandishe faida hiyo juu ya kimo chake. Trela lenu la kilo 1,700 likiwa na kilo 170 puani, magurudumu yanabeba 1,530. Gawanya kwa manne, kila tairi linabeba kama kilo 382. Likitoka moja, la jirani linaweza kubeba hadi kilo 765 peke yake. Matairi mengi ya trela ndogo za ekseli mbili yana namba ya uwezo 91, ambayo maana yake ni kilo 615. Kwa hiyo tairi lililobaki limezidiwa kwa kilo 150. Linakufikisha pembeni ya barabara kwa mwendo wa mtu anayetembea. Halikufikishi mji unaofuata, na atakayejaribu atabadilisha mawili badala ya moja.

Kuna jambo jingine ambalo ni mafundi zaidi wanaoliona. Kwenye trela la ekseli mbili, dereva mara nyingi hajui kwamba tairi limeisha upepo. Gari halivuti upande, sauti haifiki mbele, naye anaendelea kilomita kadhaa huku tairi linajichana vipandevipande. Vipande hivyo vinapiga kama mjeledi: vinapasua boksi la gurudumu, yaani kifuniko kinacholifunika gurudumu ndani ya trela, vinakata nyaya za breki, vinang'oa mabomba ya maji chini ya sakafu. Ndiyo maana kwa ekseli mbili nashauri vipima upepo vinavyotuma taarifa kwa dereva viwe ni lazima. Kwa ekseli moja navyo nashauri viwepo, kwa sababu tofauti: vinakuonya wakati upepo unapungua polepole, kabla ya kupasuka kwenyewe.

Na tairi halipasuki kwa bahati mbaya mara nyingi hivyo. Linapasuka kwa sababu upepo ulikuwa mdogo, au mzigo ulikuwa mkubwa, au lilikuwa limezeeka, au mwendo ulilipasha joto kuliko lilivyotengenezwa. Baadhi ya matairi ya trela yametengenezwa kwa mwendo usiozidi kilomita 105 kwa saa hivi, hata kama gari mbele yake linaweza kukimbia zaidi. Tazama ubavuni mwa tairi, tafuta tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la trela huzeeka likiwa limesimama, likipigwa na jua, kashata zake zikiwa bado nzima. Likifikisha miaka 5 hadi 6 litoe, usilihurumie. Pima upepo asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi, kila siku ya safari. Mwenye ekseli moja anayefanya hivyo yuko salama kuliko mwenye ekseli mbili anayetegemea kwamba matairi ni manne.

Tena ekseli moja inakuruhusu kununua akiba ya uwezo kwa njia nyingine: tairi kubwa zaidi kwa namba yake ya uwezo. Trela la kilo 1,600 lenye 160 puani linaacha 1,440 kwa matairi mawili, yaani 720 kila moja. Tairi la namba 100 hubeba kilo 800, ambayo ni akiba ndogo, na ikiwa jiko, friji na tangi vyote viko upande mmoja, akiba hiyo imekwisha. Tairi la namba 108 hubeba kilo 1,000. Hapo unapumua. Hakikisha tu kwamba rimu nayo imeandikwa inaubeba uzito huo na upepo unaohitajika, maana rimu hudhaniwa kuwa ni chuma tu na husahauliwa.

Tuje kwenye kuchapa mkia. Trela linazungukia kiungo kama mlango kwenye bawaba. Lori kubwa likikupita, au upepo wa ubavuni ukilisukuma, mkia unakwenda upande, matairi yanakataa kuteleza na yanaurudisha, kisha unapita katikati na kwenda upande wa pili. Trela lililopangwa vizuri linatulia baada ya kuyumba mara mbili tatu. Kila unapoongeza mwendo, linachukua muda mrefu zaidi kutulia, mpaka unafika mwendo ambao kila mtikisiko ni mkubwa kuliko uliotangulia. Hapo ndipo ajali zilipo.

Ekseli mbili zinasaidia hapa kwa sababu ya jiometri. Ili mwili uzunguke, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanatakiwa kuelekea njia tofauti kidogo, na kwa kuwa hayawezi kukata kona, yanaburuta na kugoma. Mgomo huo ndio unaoula mtikisiko. Kwa hiyo muuzaji akisema ekseli mbili hutulia zaidi barabarani, anasema kweli, vingine vyote vikiwa sawa.

Lakini vingine haviwi sawa. Mteja mmoja aliniletea trela la ekseli moja, kilo 1,400, akitaka niongeze ekseli ya pili kwa sababu kila akifika kilomita 85 kwa saa lilianza kucheza. Kabla ya kugusa chochote nilipima pua: kilo 60. Jenereta, sanduku la vifaa na tairi la spea, vyote alikuwa amevifunga nyuma kabisa. Tukavihamishia mbele, pua ikapanda hadi 150, na safari iliyofuata alirudi akiwa ametulia. Ningemwongezea ekseli, angelipia chuma kingi kufunika kosa la kupakia, na siku moja kosa hilo lingejitokeza tena kwenye mteremko.

Kwenu ninyi hatari hiyo inaitwa baiskeli. Baiskeli nne za kilo 55 zikining'inizwa nyuma, mita 2.4 kutoka kwenye ekseli, zinaondoa kilo 33 puani. Tangi la maji likiwa mita moja nyuma ya ekseli na limejaa, linaondoa 20 nyingine. Pua yako ya 160 sasa ni kama 107, umeshuka chini ya asilimia 7, na hakuna kilichobadilika machoni. Na vitu vizito vikikaa mbali na ekseli, hata kama vinalingana mbele na nyuma, trela likianza kuyumba linakuwa gumu kulituliza, kama fimbo yenye mawe ncha zote mbili. Vizito viwe karibu na ekseli, chini, mbele kidogo. Baiskeli zipande juu ya gari au juu ya pua, ikiwa kiungo bado kinaruhusu.

Huhitaji mizani ya fundi kupima pua. Chukua ubao imara, upande mmoja ukalie tofali, upande wa pili mizani ya bafuni, na vilingane kimo. Shusha mguu wa pua kwenye ubao, theluthi moja ya urefu kutoka kwenye tofali. Soma mizani, zidisha mara tatu. Fanya hivyo trela likiwa limepakiwa kama la safari, si likiwa tupu uani. Uzito mzima utaupata kwenye mizani ya magari, na ukiweza pima upande wa kushoto na wa kulia kila mmoja peke yake.

Na ikitokea trela limeanza kuyumba ukiwa barabarani, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima bila kujaribu kuufukuza mkia, na kama una kidhibiti cha breki za umeme, bonyeza breki za trela peke yake kwa mkono. Usiongeze mwendo ukidhani utalinyoosha. Mfundishe na mke wako, kwa sababu naye ataendesha.

Sasa jambo ambalo wanaolinganisha ekseli moja na mbili hulipita haraka: ni ekseli mbili za namna gani? Zipo zile zenye springi za mabapa, na kati ya springi ya mbele na ya nyuma pana kipande cha chuma kinachocheza kama bembea. Gurudumu la mbele likipanda jiwe, bembea inaushusha mzigo kwenda la nyuma, na mwili unainuka nusu tu ya kimo cha jiwe. Mzigo unagawanyika sawa hata pua ikiwa juu kidogo au chini kidogo. Lakini bembea hiyohiyo, tairi likiisha upepo, inaendelea kulikandamiza lile lililokufa. Ukitaka kulipumzisha ni lazima uiinue ekseli na kuifunga kwa mnyororo.

Zipo nyingine ambazo springi yake ni mipira iliyobanwa ndani ya bomba la ekseli. Ni tulivu, hazina kelele, hazina bembea ya kulainisha, na kwa trela la ekseli moja mimi nazipenda sana. Zikiwa mbili, kila moja inajitegemea, haigawani na mwenzake. Pua ikikaa juu, ekseli ya nyuma inabeba sehemu kubwa. Pua ikikaa chini, ya mbele ndiyo inayoteseka. Nimekuta matairi ya nyuma yameisha kabisa huku ya mbele yakiwa karibu mapya, na kosa lilikuwa kiungo cha gari kilichowekwa juu sentimita chache kuliko inavyotakiwa. Ukichukua trela la pili na lina ekseli za mipira, pima kimo cha fremu mbele na nyuma likiwa limefungwa kwenye gari na limepakiwa. Vilingane. Ekseli moja haidai usahihi mkali hivyo. Ikiinamishwa kidogo, mzigo wote bado uko kwenye magurudumu yaleyale mawili.

Kaka yako pengine anakumbuka zaidi kona na uani, na hapo ekseli moja haina mpinzani. Unaweza kuifungua kutoka kwenye gari, mkaishika watu wawili, mkaizungusha palepale kwenye sakafu ngumu. Ya ekseli mbili haizunguki kwa mkono. Magurudumu manne yanagoma, yaleyale yaliyokuwa yanakusaidia barabarani. Ukiizungusha kwa gari kwenye kona kali sana, utaona matairi yakijipinda kando kama yanataka kutoka kwenye rimu. Mara chache si neno. Kila siku, ukiwa na uga mdogo, unakula matairi, unalegeza vishikio vya springi, unachosha beringi. Kwenye mchanga au matope laini huko kuburuta kunakuwa kulima. Ila kwa kurudi nyuma moja kwa moja, anayejifunza ataona ekseli mbili zinachelewa kukunjika, na atashukuru.

Matengenezo nayataja kwa ufupi kwa sababu hesabu yake haina siri: kila kitu ni mara mbili. Beringi za kufungua na kutia grisi kila miezi 12 au kilomita 20,000 hivi, kutegemea kinachotangulia. Breki za kurekebisha. Matairi ya kubadilisha yote yakizeeka, hata kama hayajatembea. Kwenye barabara zinazotoza kwa idadi ya ekseli utalipa zaidi. Ndani ya trela, boksi la gurudumu moja linachukua kama sentimita 80 za ukuta. La mawili linakaribia mita 1.6 kila upande, na kwenye mwili wa mita 4.9 hiyo ni kabati au kitanda cha mtoto. Na kagua jambo hili kabla ya kulipa: baadhi ya matrela ya ekseli mbili huuzwa yakiwa na breki kwenye ekseli moja tu. Piga magoti, tazama nyuma ya kila gurudumu.

Usidhani pia kwamba ekseli moja ni ya vitrela vya kuchezea. Airstream, watengenezaji wa matrela wa Marekani wa siku nyingi, wametengeneza trela liitwalo Bambi la futi 22, karibu mita 6.7, lenye ekseli moja na kikomo cha kilo 2,268. Matrela yao ya kuanzia futi 23 yana mbili. Mpaka upo, ila uko mbele ya pale muuzaji wako anapouchora. Kwa mazoea yangu, chini ya kilo 1,500 zilizopakiwa sioni sababu ya ekseli ya pili. Juu ya kilo 2,200 sioni sababu ya kuikwepa. Ninyi mko katikati, ndiyo maana mnasikia majibu mawili yenye mantiki.

Basi ningekuwa mimi, ningerudi kwa aliyetengeneza trela la kwanza na kumuuliza swali moja: mwili huu na fremu hii vinapatikana na ekseli ya kilo 1,800 kutoka kiwandani, kibao cha uzito kikiwa kimeandikwa hivyo? Watengenezaji wengi hutoa chaguo hilo. Likiwepo, chukua hilo, na matairi ya namba 108 na breki zinazolingana na ekseli hiyo. Ekseli nzito inaweza kuongeza kilo 20 au zaidi kidogo, mtakuwa kwenye 1,600 mkiwa mmejaza kila kitu, mkibaki na kilo 200 za akiba kwenye trela na 200 kwenye gari, na pua ya 160 chini ya 180. Ni trela jepesi nyuma ya gari lako kwa kilo 100 kuliko lile la ekseli mbili, na injini, breki na springi za gari zitalijua hilo kila mteremko. Usikubali fundi wa mtaani akubadilishie ekseli pekee na kukuambia kikomo kimepanda. Fremu, kiungo na kibao vyote vinatakiwa kupanda pamoja.

Jibu likiwa hapana, chukua la ekseli mbili bila kusitasita, kwa sababu lile la kilo 1,500 halitoshi watu wanne hata mkiacha maji. Hesabu mwenyewe: ondoa maji, ondoa baiskeli, unabaki na 1,445, akiba ya kilo 55 ambayo viatu na vitabu vya watoto vitaimaliza. Ukiwa na la ekseli mbili, safiri na tangi la maji karibu tupu ulijaze mkifika, na 1,700 itashuka hadi 1,620 hivi, gari lipate nafasi. Nunua vipima upepo siku hiyohiyo, na kabari mbili za kubana kati ya magurudumu wakati wa kuegesha. Zinalituliza trela vizuri kuliko kabari za chini peke yake.

Mke wako mwambie hivi: tairi lenye umri mdogo, upepo kamili na akiba ya uwezo si la kuogopwa, liwe na mwenzake au lisiwe naye. Na lolote mtakalochukua, katika safari ya kwanza simameni na kukaza tena nati za magurudumu kwa spana ya kipimo baada ya kilomita 15, baada ya 40, na baada ya 80, maana magurudumu mapya hujikalisha, nati zikalegea bila mtu kujua. Weka kiganja karibu na kila habu, yaani sehemu ya katikati ya gurudumu, mkisimama. Iliyo ya moto kuliko wenzake ina neno la kukuambia kuhusu beringi au breki, na ni bora likufikie ukiwa umesimama.